Four Roses ya zamani na ya leo hazifanane hata kidogo, nani anielezee?

Mwana_Kamalondo, Lubumbashi

Jambo yenu ba yaya na ba ndugu. Iko kintu moja inanisumbua na apa kwetu sina mutu wa kuuliza, juu benye kukunywa wiski beko mingi lakini mwenye kuangalia ile yenye anakunywa, huyo utamutafuta.

Nkambo (babu) yetu alitumikaka Union Minière, ile kompanyi ya migodi, akabakia mule mule wakati ilikuwa Gécamines, na Babeleji benye balikuwa banamaliza mukataba na kurudia kwabo balikuwa banamuachia bitu, mara frigo, mara masahani, mara chupa za pombe. Yeye mwenyewe alikuwa mutu wa bia ya Simba tu, wiski ilikuwa haimupendeze, basi chupa zikabakia mu kabati nyuma ya mashuka. Wakati tuligawanya bitu yake mi nikapata chupa mbili za Four Roses, ile bourbon (wiski ya Marekani) ya maua ine. Moja ilikuwa imefunguliwa zamani na imebakia robo, nilionja nikatema, nikatupa. Ya pili mutu hakuifunguaka. Etikete inasema 75 cl, 43° G.L., pembeni 86 proof (hesabu ya Kimarekani, mara mbili ya degre), kifuniko ni ya chuma ya kuzungusha, pombe imeshuka kidogo, inafikia pale shingo inaanzia. Mwaka hakuna, nilitafuta mpaka macho ikauma.

Sasa njo nikaenda kununua ingine ya leo, 70 cl, 40%, nikamimina mu vere (glasi) mbili sawasawa, bila barafu bila maji. Ya leo inanuka matunda, peya na asali kidogo, inapita mwepesi, kisha ka pilipili kadogo na inaisha hata hujamaliza kumeza. Ya nkambo kwanza ilinuka katoni yenye ilinyeshewa, nikasema hii nayo imekufa. Nikaiacha mu vere, nikakula bukari (ugali) yangu, nikarudia, kumbe imegeuka kabisa: sukari ya kuunguza, ngozi, tumbako, na ka ladha ka tunda kavu kanabakia mu mulomo muda murefu. Na rangi pia ni ya kahawia kupita ingine.

Sasa mi nauliza, ni wiski yenyewe njo ilibadilika kule kwenye banaitengenezaka, ao ni kukaa mu chupa miaka yote ile njo kumefanya ikuwe vile, ao ni roho yangu inanidanganya juu ni chupa ya nkambo? Kaka yangu anasema wiski inaendeleaka kukomaa mu chupa sawa divai, mi nasema apana, na tumewekeana bia mbili za Tembo juu ya ile maneno. Musaidie mutu.

Himbi_Mmoja, Goma

Ndugu, mbele ya kulinganisha chochote soma chini ya yale maua. Imeandikwa Kentucky Straight Bourbon Whiskey ao imeandikwa Blended? Najua inaonekana kama swali ya bure lakini kwa Four Roses hiyo ndio swali ya kwanza kabisa.

Hii marke iliishi maisha mbili. Seagram wa Canada waliinunua 1943, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaitoa bourbon yenyewe kwenye soko la Marekani, kule wakabakiza blend (wiski ya kuchanganywa) yenye jina lile lile na maua yale yale. Na blend ya Kimarekani si kitu kimoja na blend ya Scotland, sheria yao inaruhusu iwe na asilimia 20 tu ya wiski ya straight na yote inayobaki iwe spiriti tupu isiyo na ladha. Bourbon ya kweli walikuwa wanaituma nje, Ulaya na Japani. Ndio maana Mmarekani aliyekunywa miaka ya 1970 akisikia Four Roses anakunja uso, na Mbelgiji wa umri wake anakusogezea kiti mkae muongee. Ilienda hivyo mpaka Kirin wa Japani walipoinunua 2002, hao ndio wakairudisha nyumbani Kentucky na ile blend wakaiondoa.

Sasa kama nkambo wako aliachiwa na Mbelgiji, uko salama. Kama ni Mmarekani wa misioni aliyeibeba kutoka kwao, basi una blend mkononi na hakuna cha kulinganisha, ungemaliza hii thread leo.

Mwana_Kamalondo, Lubumbashi

Aksanti yaya. Nimeenda kuangalia na toshi ya simu: Kentucky Straight Bourbon Whiskey, na nyuma kuko ka etikete kengine kadogo ka mwenye kuiingiza, adresi ya Bruxelles. Neno blend haliko.

Petit_BelAir, Lubumbashi

Bruxelles kabisa!! Usiguse kintu tena, niko nakuja na barafu na Coca.

Mwana_Kamalondo, Lubumbashi

Coca ubakie nayo kwako.

Yaya_wa_Nguba, Bukavu

Mudogo yangu, nimesimama nyuma ya kontwari ya hoteli hapa Bukavu miaka mingi na hii maneno ya chupa za zamani imenipitia mu mikono, nitakujibu muzima muzima, uvumilie urefu.

Kwanza kaka yako akupatie Tembo zako. Wiski haikomaake mu chupa. Kinachoikomaza ni pipa, na kwa bourbon pipa lazima ikuwe ya muti wa mwaloni, mupya, imeunguzwa ndani kwa moto. Siku inatoka mu pipa kuingia mu kioo, muti umemaliza kazi yake. Ni sawa chai, ukishatoa majani haiongezeke ukali hata ikilala mu thermos mpaka asubuhi. Bourbon ya miaka sita yenye imekaa mu kabati ya nkambo miaka makumi ine ni bourbon ya miaka sita, basi.

Lakini isikuwe kusema chupa haifanye kintu. Kifuniko ya chuma ya zamani iko na ka duara ndani ka kuziba, na kale kanakauka, hewa inaingia polepole sana na pombe inatoka polepole sana, njo juu yake umeona imeshuka mpaka shingo. Ile harufu ya katoni iliyolowa njo inatokaka humo, na umefanya vizuri kuiacha mu vere ipumue, wengine banamwaga palepale na banakosa. Ile ingine ya robo yenye ulitupa, ile ilikuwa na hewa robo tatu ya chupa miaka yote, haikuwa na namna ya kupona.

Sasa tufike kwa jambo yenye watu banasahau kila siku: nguvu. Yako ya zamani iko 43, ya leo 40. Degre tatu mu mulomo si mchezo, pombe ikiwa na nguvu zaidi inabeba mafuta na harufu zaidi, inakaa zaidi kwa ulimi. Wewe uliweka 43 mbele ya 40 na ukashangaa kwamba 43 iko mzito! Fanya hivi, nunua seringe mu farmasi, haina haja ya sindano, pima mililita 50 ya zamani na uongeze maji mililita 3 na nusu mpaka 4, itakuwa 40. Uache kidogo, kisha onja tena kando ya ile ya leo. Chenye kitabakia hapo njo tofauti ya kweli, chenye kitapotea kilikuwa ni degre tu.

Na nakuambia kitabakia kitu, juu ya hii ifuatayo. Miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa wanaacha bourbon, vijana walihamia vodka, na pipa zilikuwa zimejaa mu magala hazina mununuzi. Kiwanda haiwezi kumwaga, inaweka mu chupa. Sheria inasema bourbon ya straight iko na miaka mbili kwenda juu, na ikiwa haijafika ine lazima waandike umri, kwa hiyo chupa isiyo na umri unajua ni ine ao zaidi, lakini ile zaidi hakuna mwenye kukukataza. Wakati ule mu chupa ya bei ya kawaida mulikuwa munaingia wiski yenye umri mukubwa kupita ile etikete iliahidi, juu walikuwa nayo ya kutosha. Leo ni kinyume, dunia yote inatafuta bourbon, pipa nzuri ya zamani haiwezi kupotea mu chupa ya kila siku. Pale Four Roses pipa zilizochaguliwa zinaenda mu Small Batch ya 45% na mu Single Barrel ya 50%. Kwa hiyo ukiweka hii ya 40% ya leo mbele ya ile ya Babeleji, unaionea bure. Ningekuwa wewe ningetafuta Small Batch moja, hapo njo utakuwa na pambano.

Kisha kuko maneno ya Seagram yenyewe. Walikuwa na viwanda vingi Kentucky, wakafunga kimoja kimoja mpaka kukabakia hicho cha Lawrenceburg. Chachu za zile nyumba hawakuzitupa, wakazichukua. Njo maana leo Four Roses iko na chachu tano na mapishi mbili ya nafaka, moja mahindi 75% na rai 20%, ingine mahindi 60% na rai 35%, kinachobaki ni shayiri. Mapishi mbili mara chachu tano unapata bourbon kumi zenye hazifanane, na hii chupa ya 40% wanaipata kwa kuzichanganya. Chachu moja inatoa maua, ingine matunda mazito, ingine harufu ya majani. Sasa fikiria mwenyewe: zamani zile ladha zilitoka mu nyumba mbalimbali, na leo nyumba moja inafanya kazi ya zote. Hata wakijaribu namna gani, mukono hauwezi kuwa ule ule. Kwa kusema ukweli kazi yao naisifu, juu viwanda vingi vinatumia chachu moja na basi.

Himbi_Mmoja, Goma

Yaya wa Nguba amesema vizuri lakini mimi nitaweka mchanga kidogo kwenye sukari yake.

Hii habari ya "zamani walikuwa wanaweka wiski nzee kwa chupa ya kawaida" ni kweli kwa bourbon kwa ujumla, lakini haikuambii nini iko ndani ya chupa HII. Zamani pia walikuwa na siku mbaya, pipa mbaya, na chupa nyingi mbaya zilikunywewa na kusahauliwa, hakuna mtu anafungua thread ya chupa mbaya ya 1974. Zenye tunaonja leo ni zile zilizobaki, na mtu akishika chupa ya nkambo tayari amekubali mbele ya kuonja. Ndugu wa Kamalondo umeuliza mwenyewe kama roho inakudanganya na hakuna aliyekujibu: ndiyo inaweza. Funga macho. Mwambie kaka yako amimine kwa vere zinazofanana, akuchanganyie, wewe usijue ipi ni ipi, na hiyo ya zamani ushaiongeza maji kama yaya alivyoeleza. Rangi pia inadanganya, kwa hiyo taa iwe ndogo.

Kuna jambo lingine ambalo naona lina uzito kuliko maneno mengi ya miti ya zamani na maji ya zamani: nguvu ya pombe ikiwa inaingia kwenye pipa, si ile ya kwenye chupa. Mpaka 1962 sheria ya Marekani ilikuwa inakataza bourbon kuingia kwenye pipa ikiwa juu ya 55%, kisha wakapandisha mpaka 62.5%. Viwanda vilipanda taratibu kila kimoja kwa wakati wake, sababu ni pesa, pipa mpya ni bei, ukiingiza pombe kali unahitaji pipa chache na mwishoni unaongeza maji. Lakini pipa haitoi vitu vile vile kwa pombe kali na kwa pombe dhaifu, sukari za mbao zinapenda maji. Na maji unayoongeza mwishoni hayajawahi kukaa na mbao hata siku moja.

Mfano unaoonekana wazi ni Wild Turkey, majirani wa hao hao Four Roses, wote wako Lawrenceburg. Walikuwa wanaingiza kwenye pipa na 53.5%, wakapanda 55% mwaka 2004, kisha 57.5% mwaka 2006. Na wiski yao inayoitwa 101 kwenye chupa imebaki 50.5% siku zote, kwa hiyo ukilinganisha ya zamani na ya leo hapo unakuwa na degre sawa, hauhitaji seringe. Fundi mkuu alikuwa Jimmy Russell aliyeanza pale 1954, mtoto wake Eddie akaingia 1981, yaani mikono ni ya familia moja, na bado watu wanaozifungua pamoja wanasema ya zamani ni nzito, ina utomvu zaidi, na ya leo ina pilipili na vanila mbele. Mimi nilionja zote mbili kwa rafiki, bila kuona, na nilizitofautisha, lakini ukiniuliza ipi nichukue nyumbani nilichukua ya leo. Ile ya zamani inachosha baada ya vere ya kwanza. Mnitukane.

Yaya_wa_Nguba, Bukavu

Sikutukane lakini mu baa yangu hutapata kiti.

Mama_Katuba, Lubumbashi

Ba papa munaongea bizuri lakini munaacha kintu moja. Huyu mutoto amesema ya leo aliinunua, hakusema wapi. Apa Lushi mbele ya kusema "ya leo haina ladha" lazima ukuwe hakika ni yenyewe! Mi niko na depo, siuze sana wiski lakini nauza, na muletaji mumoja (jina naacha) alinipatiaka katoni, chupa kumi na mbili, nikaziweka mu etajeri nikaona pombe haifike fasi moja, moja juu moja chini, moja ya rangi ya chai, moja ya rangi ya Fanta. Kiwanda haifanyake vile, mashini inajaza sawasawa. Nilirudisha yote, tukagombana mpaka majirani wakatoka.

Kwa hiyo baba angalia: pete ya kifuniko ikatike wakati wewe unafungua, isikuwe tayari imekatika. Namba ya loti iko imechapwa kwa kioo ao kwa etikete, si kuandikwa na bic. Etikete isikuwe na gundi inatoka pembeni. Na unuse, kama inakuchoma pua na nyuma yake hakuna kintu, hapo mutu alichukua lutuku (pombe kali ya kienyeji) ao spiriti akatia sukari ya kuunguza. Na ile mubaya zaidi, metanoli, haina harufu ya kukuonya, inanuka sawa pombe tu, na inaua macho mbele ya kuua mutu. Sikutishe, lakini bei ikikuwa ya chini sana kupita kwa bengine, uiache.

Na kintu ya pili, ile chupa ya nkambo ikiisha USIUZE CHUPA. Beko bantu banazunguka mu makartye banakusanya chupa tupu za pombe za bei, unafikiri ni za kuwekea mafuta ya ngazi? Ukwangue etikete ao uipasue.

Petit_BelAir, Lubumbashi

Mama Katuba amesema kweli, mi nilinunuaka wiski moja kwa mutu wa barabarani, nilikunywa kidogo nikaanza kuongea Kifaransa ya sungu.

Mwana_Kamalondo, Lubumbashi

😂😂 huyu.

Mama aksanti sana. Ya leo nilinunua mu alimantasyo ya mujini, pete ilikatika mu mukono yangu, namba iko, na nilirudia kuangalia zile zingine mu etajeri yabo, pombe inafika fasi moja. Nafikiri iko bien.

Sasa tumefanya ile yaya zote mbili balisema. Seringe, maji, kisha kaka njo alimimina, mi nikageukia ukuta, na kisha tukabadilishana, yeye ukuta mi namimina. Nilizitambua, lakini haikuwa raisi sawa mara ya kwanza! Ule uzito mingi ulienda na maji, yaani kweli degre ilikuwa inanidanganya pale. Yenye ilibakia ni harufu: ile ngozi na tumbako na tunda kavu haikuhama, na ya leo haina hata kidogo, ya leo iko na maua na peya na ile ingine haina. Ni sawa wiski mbili zenye zilipewa jina moja. Na mwisho, ule muda wa kubakia mu mulomo, ya zamani inashinda hata ikiwa na maji.

Kaka alizikosea, akasema ya leo njo ya nkambo "juu ni tamu". Kisha tukakula na michopo na pilipili na hapo mi mwenyewe nilichukua ya leo, ile ingine inapigana na nyama.

Maswali ya mwisho na ninanyamaza. Mama yangu anasema niimimine mu karafe yake ya kristali ya ndoa juu ni ya kizuri, ni sawa? Na nitajuaje mwaka? Na kama mutu angetaka kuinunua ningesema bei gani?

Yaya_wa_Nguba, Bukavu

Heshima kwa mama lakini karafe apana. Kristali ya zamani nyingi iko na risasi ndani, ile madini, na pombe ikikaa mo miezi inaitoa kidogo kidogo na wewe unaikunywa. Kumimina mezani wageni wakiwepo na kumaliza siku ile haina shida, kuhifadhi humo hapana. Hata zile sanamu za udongo za zamani za kuwekea bourbon, za ndege na magari, ni maneno ile ile.

Chukua chupa ndogo za kioo, safi, zenye kufunga vizuri, ujaze mpaka karibu na kifuniko ili hewa ikose nafasi, uziweke mu giza. Zisimame. Wiski hailalake sawa divai, pombe kali inakula buchoni (kizibo) ikiigusa, na kwa kifuniko yako ya chuma ile ka duara ka ndani tayari kamechoka. Na kwenu Oktoba mbele ya mvua joto inapanda, usiache juu ya frigo ao karibu na dirisha.

Mwaka: 75 cl inakuambia ni mbele ya miaka ya 1990 kuanza vizuri, juu Ulaya walihamia 70. Ile G.L. ni Gay-Lussac, namna ya zamani ya kuandika degre, leo wanaandika % vol. Angalia kama kuko misitari ya code-barre, ile ya kupitisha na mashini ya duka, kama haiko unarudi nyuma zaidi. Kisha ugeuze chupa, kwa chupa nyingi zilizotengenezwa Marekani kuko namba mbili za mwaka kwa kioo chini, zimeandikwa ndogo kando ya herufi za kiwanda ya kioo. Ulete foto.

Mwana_Kamalondo, Lubumbashi

Misitari haiko. Chini kuko namba mingi lakini kando ya ka alama kadogo naona 73.

Himbi_Mmoja, Goma

Hiyo ni mwaka wa kioo, wiski inaweza kuingia mwaka ule ao unaofuata. Na ilitoka kwenye pipa iliyojazwa miaka ya 1960, hesabu ine kurudi nyuma kwa uchache. Kwa hiyo uko na Four Roses ya Seagram wakati viwanda vyao vya Kentucky bado vilikuwa vinapumua, ladha tofauti haishangazi kabisa.

Bei usijisumbue. Wanaonunua hizi wako Ulaya na Japani, wanataka imefungwa na imejaa mpaka shingo juu, na kuituma kutoka kwetu ni kilio na duane (forodha). Yako imefunguka na imeshuka, sokoni ni sifuri. Kunyweni, na kaka yako asimimine tena.

Mama_Katuba, Lubumbashi

Na chupa uipasue, nimesema.